Mtoto Aliyekulia Chini ya Ukuta

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua, Sabina Gaughan alijaza kikombe cha bati kwa maziwa yenye povu lake, akavuka barabara, akafungua lango la malisho ya jirani yake Tom Padden, akaenda kuyamwaga polepole kwenye majani chini ya ukuta wa makaburi. Upande wa nje. Kisha alisimama kidogo kuhakikisha yamenywewa. Yalinywewa haraka, hasa majira ya kuchipua. Hata mvua ikiwa imenyesha wiki nzima na ardhi ya kijiji chetu cha Kiltarnagh haina tena pa kuyaweka maji, maziwa yale yalizama mara moja. Sabina alikiosha kikombe mtoni, akarudi nyumbani kuwapikia uji wa shayiri watoto wake wengine wawili, Una na Vincent, ambao saa hizo walikuwa bado kitandani, wamelala mzungu wa nne, kila mmoja na miguu ya mwenzake usoni.

Aliyekuwa akinyweshwa chini ya ukuta alikuwa mwanawe wa kwanza. Alizaliwa mwezi wa Februari, mwaka ule mto ulipofunika daraja. Austin, mumewe Sabina, alikwenda kumchukua mkunga, Delia Ruane, na wote wawili wakakwama ng'ambo. Sabina alijifungua peke yake mbele ya moto wa mboji iliyokaushwa kama kuni. Mtoto alilia kidogo, kilio chembamba. Mama yake akamlaza kifuani na kuweka kidole gumba juu ya utosi wake, pale ambapo fuvu la mtoto halijafunga, akausikia ukipwita. Alikuwa amechoka, akasinzia. Alipozinduka utosi ulikuwa umetulia, na hakuna mtu aliyekuwa amemmwagia mtoto yule hata tone la maji ya ubatizo.

Asiyebatizwa hakuingia makaburini. Hiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa kwetu wala hatukuulizwa. Mtoto wa namna hiyo, tulifundishwa, hakwenda motoni wala hakumwona Mungu. Alikaa mahali fulani katikati, hana shida wala furaha. Basi baba yake alimbeba jioni, bila padri na bila kengele, akamzika nje ya ukuta na kumzungushia mawe meupe ya mtoni. Mama alibaki kitandani. Hakuuliza, na baba hakusimulia. Mawe meupe ya namna hiyo yalikuwa mengi katika malisho ya Tom Padden, na kondoo walishazoea kula wakiyazunguka. Ulikuwa ukatili, na watu waliokuwa wakiutenda walikuwa wapole, wenye adabu, wasioweza kumpita jirani bila kumwamkia.

Austin alitumia sanduku la siagi kuwa jeneza. Alichagua mahali pazuri kuliko pote, kati ya jabali moja la kijivu na ukuta wenyewe, penye nafasi ya sanduku tu, pasipopigwa na upepo wa magharibi. Akapanga mawe yake, akarudi nyumbani, akanawa mikono, akala viazi alivyowekewa.

Ulipopita mwaka, Sabina alikuta mawe yale yamesogea. Alidhani ni kondoo, akayarudisha. Baada ya miezi yalikuwa yamesogea tena, yote kuelekea upande mmoja, upande wa ukuta, na majani ya hapo yameinuka kidogo kama blanketi lililofunika mtu. Siku hiyo alimwambia Austin wakiwa mezani.

"Anakua," alisema.

Austin alikuwa akikata mkate. "Nimeona," alisema, akampa kipande chake.

Kesho yake Austin alitafuta mawe mengine meupe, kwa sababu yale ya zamani hayakutosha tena kumzunguka.

Watoto wengine waliolala pale hawakujulikana kama walikua. Labda walikua. Labda walikuwa na nafasi ya kujinyoosha bila kusukuma kitu, na hakuna mama aliyethubutu kwenda kuwatazama. Lakini huyu nyuma yake kulikuwa na jabali, na jabali la Kiltarnagh halimpishi mtu. Kila alichoongeza alikiongeza kuelekea ukutani. Sabina alikuwa akimpima kwa kumtazama Vincent, mdogo wake wa kiume. Suruali za Vincent zikimfika juu ya vifundo vya miguu, alijua na yule wa nje keshaongeza. Jioni Vincent alipolia kwamba miguu inamuuma ndani ya mfupa, alimsugua kwa mafuta ya kondoo, halafu akajifunga shali kichwani akaenda kuyasugua na yale majani.

Watu wa kwetu walilichukua jambo hilo kama wanavyochukua kila jambo, yaani walilitania. Tom Padden alimwambia Austin waziwazi, siku ya kunyoa kondoo, kwamba huyo kijana wake anakunywa maziwa kuliko ndama, na kwamba majani ya pale ni matamu hata kondoo wanapigana. Austin alimjibu kwamba basi kondoo wake wanamwibia mtoto chakula. Wakacheka wote. Lakini baada ya hapo Tom alizungushia mahali pale uzio wa waya bila kuambiwa, na hakulitaja tena suala la ndama.

Aliyewaeleza mambo ya mifupa alikuwa Daktari Hession. Alizaliwa Kiltarnagh, akasomea Dublin, akawa daktari wa mifupa ya watoto huko, na kila Agosti alirudi kuvua samaki na kulala katika kitanda chake cha zamani, ambacho kilikuwa kifupi kwake. Colman, kwa maana hilo ndilo jina Sabina alilompa moyoni, alikuwa anatimiza miaka minne na nusu. Daktari alipiga magoti kwenye majani, fimbo yake ya kuvulia ameiegemeza ukutani, akabonyezabonyeza ardhi kwa vidole kama anavyombonyeza mgonjwa yeyote.

Alimweleza Sabina kwamba mtoto mchanga anazaliwa na mifupa mingi kuliko mtu mzima, kwa sababu mingi imekuja vipande vipande na haijaungana. Fuvu lenyewe ni vipande. Pia ya goti hana kabisa. Pale pana gegedu tu, kile kitu kigumu kidogo kinachopinda, kama cha sikioni. Na kwenye ncha za mifupa mirefu, ya mapaja na miundi na mikono, pana tabaka la gegedu kama jibini kati ya vipande viwili vya mkate. Hapo ndipo mtoto anapokulia. Gegedu linaongezeka, linageuka mfupa, linasukuma ncha mbele, linaongezeka tena. Ndiyo maana mfupa wa mtoto ukivunjika unaunga upesi, na wakati mwingine unapinda tu, kama kijiti kibichi. Siku tabaka hilo likigeuka mfupa lote, mlango umefungwa, na mtu hakui tena hata akinyweshwa bahari ya maziwa.

"Na yeye?" Sabina aliuliza.

"Milango yake yote iko wazi. Ana lishe nzuri. Utosi umeshafunga, karibu miaka mitatu sasa."

Sabina aligeuka kuyatazama majani. Hilo hakulijua. Alikuwa akidhani bado uko wazi.

"Na hiyo milango ya mifupa itafungwa lini?"

"Kwa wavulana, miaka kumi na saba, kumi na minane. Mtulinga, huu wa chini ya shingo, huchelewa zaidi ya yote." Daktari alipukuta magoti yake. "Mpe mafuta ya samaki. Na jua."

"Jua nitalitoa wapi, Daktari? Hii ni Mayo, mvua mwaka mzima."

Hata hivyo Austin alikata matawi ya mti uliokuwa ukimtia kivuli, ili mtoto asipate matege.

Mwaka huohuo ukuta ulianza kuinuka. Jiwe la chini lilichomoka, kisha la pili, na Padri Munnelly akaja kuangalia, kwa sababu ukuta ulikuwa mali ya parokia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mafua ya daima, na hakuwa mbaya. Hilo lisemwe, kwa sababu ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Alimkuta Sabina na kikombe chake. Sabina alimwomba ammwagie mtoto maji, palepale.

Padri alisema maji ya ubatizo hayamwagwi kwenye malisho ya kondoo. Tom Padden, aliyekuwa akisikiliza upande wa pili wa uzio, akasema kwamba basi yeye anautoa ukanda ule bure, ukuta usogezwe. Padri akasema baraka haimo kwenye mawe. Askofu wa zamani alibariki hadi hapo, na ukuta ukisogezwa baraka haisogei nao. Lakini aliona uso wa Sabina, akaenda kumuuliza Askofu wa sasa, akarudi baada ya Pasaka na jibu. Alilitoa mbele ya kamati ya makaburi, kofia mkononi.

"Bibi Gaughan," alisema, "anayekua hatuwezi kusema amekufa kabisa. Hilo Askofu amelikubali. Lakini aliye nje yuko nje. Maji humwagwa kichwani. Kichwa chake kikivuka ukuta, mimi mwenyewe nitakimwagia, nitalitamka jina lake, na atakuwa na kaburi kama mtu yeyote."

Sabina alimshukuru. Alitoka pale akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu Februari ile, akapitia kwa Delia Ruane kumweleza, naye Delia akampa chupa nzima ya mafuta ya ini la samaki. Habari ilienea. Tangu hapo hakuna aliyepita na maziwa bila kumwaga kidogo. Watu waliacha maganda ya mayai yaliyosagwa, mwani, maji ya mifupa iliyochemshwa. Wengine hawakuwa wakijuana na Sabina hata kwa salamu. Walikuwa wanawake wa makamo, walikuja asubuhi wakati wa kukamua, na kabla ya kuondoka waliyatazama yale mawe meupe mengine, ya mbali na ukuta.

Austin pia alipeleka maziwa. Alipeleka kila siku na hakusema kitu, na waliomwona walidhani ni furaha imemzidi. Lakini Austin alijua jambo ambalo mkewe hakulijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyemlaza mtoto. Alijua kichwa kiko upande gani.

Mkristo kwetu hulazwa miguu mashariki, ili siku ya kufufuka ainuke akilitazama jua linakotoka. Mapadri peke yao hulazwa kinyume, wainuke wakiwatazama waumini wao. Jioni ile, na sanduku la siagi mikononi, Austin alisimama muda mrefu kabla ya kulishusha. Hakuna aliyekuwa akimwona. Hakuna aliyekuwa amemwambia amlaze vipi mtoto ambaye hata kuwa Mkristo amenyimwa. Alimlaza kichwa jabalini, miguu mashariki. Na mashariki ndiko kulikokuwa na ukuta.

Angeweza kusema. Kila asubuhi alikusudia kusema. Halafu alimwona Sabina akivuka barabara na kikombe, akitembea haraka kama msichana, akaahirisha hadi kesho. Tusimlaumu sana. Wapo walionyamaza kwa sababu mbaya zaidi.

Colman alipokuwa na miaka saba na nusu, majani yaliinuka upande wa ndani wa ukuta. Ilikuwa Agosti, siku chache kabla ya Jumapili ya Makaburi, siku ambayo kila familia husimama kwenye makaburi yake, na Padri hupita na ndoo ya maji ya baraka akitamka majina ya marehemu na kunyunyiza. Mwaka huo watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Waliotoka mjini Castlebar walikuja kwa basi. Sabina alivaa koti la harusi yake. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe cha kubatizia, kile walichobatiziwa Una na Vincent, amekipiga pasi. Daktari Hession alikuwapo, na Delia Ruane, na Tom Padden aliyenyoa ndevu.

Padri alianzia ukutani. Alijikohoza kidogo, akafungua kitabu, akaomba koleo dogo, na Austin, ambaye ndiye aliyestahili kulishika, akasema mkono unamuuma. Basi alilishika Tom. Aliondoa majani taratibu, kipande kimoja, kisha akaondoa udongo kwa vidole.

Vilionekana vidole vya miguu. Vilikuwa kumi, vyeupe, vidogo, vimejipanga vizuri, na udongo uliokuwa kati yake ulikuwa mlaini kwa maziwa.

Wote walitazama vidole vile, halafu wakatazama ukuta, halafu jabali lililokuwa likionekana juu ya ukuta, ng'ambo, mbali kama urefu wa kitanda. Walikuwa wakulima na hesabu ya namna hiyo haikuwasumbua. Daktari Hession alipiga magoti kwa sababu kila mtu alimtazama yeye. Alisema ni miguu ya mtoto wa miaka saba au minane, mwenye afya nzuri kabisa. Kile kipande cha nyuma ya kisigino, kinachokuja peke yake na kuunga baadaye, bado hakijaanza. Alieleza hayo kwa sauti ya chini, na akaeleza zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa akiogopa kunyamaza.

Sabina bado alikuwa amekishika kitambaa mikononi, amekitandaza.

Delia Ruane ndiye aliyesema. Alimwambia Padri kwamba yeye katika ukunga wake amewahi kubatiza mguu. Mtoto alitanguliza mguu, wakahofia atakufa tumboni, naye Delia akaumwagia maji mguu huo, na padri wa wakati ule akasema umefanya vyema, ni ubatizo halali.

"Ni kweli," alisema Padri Munnelly. "Inaruhusiwa, mtoto akiwa hatarini."

"Basi."

"Huyu hayuko hatarini, Delia." Alisema kwa masikitiko. Alitoa leso akapenga kamasi. "Yuko salama pale alipo. Anakua vizuri. Siwezi."

Aliinyunyizia maji miguu ile, kwa sababu ilikuwa ndani na kilichomo ndani hunyunyiziwa. Jina hakulitamka, kwa kuwa jina huja na ubatizo. Kisha akahamia kwenye makaburi ya akina Padden. Tom alikosea kuitikia sala kwa babu yake mwenyewe.

Austin alimwambia mkewe nyumbani, mlangoni, kabla hawajavua makoti. Alisema alijua tangu mwanzo. Alisema angemlaza kama padri, kichwa ukutani, leo angekuwa na jina. Alisema ni yeye aliyemfungia nje, si Askofu, na kwamba kila siku amekuwa akimwangalia Sabina akibeba kile kikombe.

Sabina alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na Austin alikuwa tayari kwa lolote.

"Kwa nini ulimlaza hivyo?"

"Ili ainuke akitazama mashariki. Kama watu wengine."

Sabina alikikunja kitambaa kile mara mbili, akakirudisha kwenye mtoto wa kabati. Bado alikuwa amempa mumewe mgongo.

"Basi wewe ndiye pekee uliyemhesabu kuwa Mkristo," alisema. "Vua viatu, vimelowa."

Hakuacha kupeleka maziwa. Mtoto hanyimwi chakula kwa sababu ya namna alivyolala. Majirani baadhi waliacha, na wengine hawakuacha, na Colman akaendelea kukua kwa haraka ile ya wavulana, ambayo hulala siku kadhaa kisha hushtukiza. Alipofika miaka kumi na mitatu, miguu ilikuwa ndani hadi juu ya vifundo. Kamati ilikaa kujadili kama inaruhusiwa kuifunika, na ikaamua kwamba kilichomo ndani ya ukuta kina haki zote za makaburi, ikiwa ni pamoja na kufyekewa majani, ila jiwe la jina. Sabina alifuma soksi ndefu za sufu ya kijivu, akaivisha miguu ile kabla ya baridi ya Novemba, akaifukia. Kila mwaka alifukua kidogo, akavua zilizobana, akavisha nyingine. Hivyo ndivyo alivyojua namba ya viatu vyake. Austin alijenga kizingiti cha jiwe katika ukuta, kama kimlango, ili uzito usimbonyeze muundi wakati mfupa ungali laini.

Colman alipokuwa na miaka kumi na minane, Una alikuwa ameshakwenda Uingereza kujifunza uuguzi na Vincent akijiandaa kumfuata. Daktari Hession, mwenye mvi sasa, alikuja na fimbo yake ya kuvulia. Alipenyeza mkono chini ya kizingiti, akalipapasa goti, kwanza upande wa paja kisha upande wa muundi, akiwa amefumba macho.

"Amefunga," alisema. "Hapa palikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Haupo tena."

"Ni mrefu?"

"Mrefu. Amempita baba yake."

"Kwetu ni warefu," alisema Sabina. Alifurahi, na machozi yalimtoka papo hapo.

Magoti ya Colman yalikuwa chini ya ukuta kabisa. Miundi na miguu ilikuwa makaburini. Mapaja, tumbo, kifua na kichwa vilikuwa kwenye malisho ya Tom Padden. Hivyo ndivyo alivyobaki. Asubuhi iliyofuata Sabina alikamua, akajaza kikombe, akasimama nacho mlangoni. Kisha akayanywa maziwa mwenyewe, kidogo kidogo, akitazama ng'ambo ya barabara.

Jumapili ya Makaburi mwaka huo ilikuwa ya jua, jambo ambalo watu walilitaja mara nyingi. Padri Munnelly alikuwa mzee, kijana mmoja wa kwaya alimbebea ndoo. Alipofika ukutani aliinyunyizia ile miguu, iliyofukuliwa siku hiyo na kuvishwa soksi mpya, akafika hadi kwenye kizingiti, na hapo mkono wake ukasimama kama ulivyosimama kila mwaka.

Sabina hakuwa ndani. Watu walimwona ghafla ng'ambo, amepiga magoti kwenye malisho, kando ya jabali. Alikuwa amezunguka kwa lango la Tom mapema. Austin aliinama, akakibonyeza kitambaa kwenye sufu iliyolowa, kile kitambaa cheupe cha kubatizia, mpaka kikanywa maji yote. Kisha akajiegemeza ukutani, mzee yule, akanyoosha mkono juu ya mawe na kumpa mkewe haraka, kabla upepo haujakikausha.

Sabina alikikamua juu ya majani, pale kichwani, penye utosi uliofunga bila yeye kuuona. Yalitoka matone machache. Midomo yake ilicheza, na waliokuwa karibu walisikia jina, na hawakulirudia.

Padri aliona. Parokia nzima ilimwona anavyoona. Alitazama kitabu chake, akaufungua ukurasa uliofuata, akaushikilia kwa kidole, akasubiri mpaka Sabina akanyanyuka na kupukuta sketi yake. Kisha akapenga kamasi, akainua sauti, na kutamka jina la marehemu wa kaburi linalofuata.